Samaki Mgeni Kwenye Beseni

Ukipita kwenye uchochoro wetu hapa Kashan asubuhi, ukasikia mtu anafoka kama anagombana na kikosi kizima cha askari, usishtuke. Ni Mzee Nosrat anaongea na samaki wake. Amefua shaba tangu utotoni, kwenye soko la masufuria, mpaka nyundo zikamla nusu ya masikio, na mtu asiyesikia vizuri hudhani dunia nzima ni kiziwi. "Wewe mkia mrefu! Umeshiba wewe, waachie wenzio!" Mimi Zivar, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nimeamshwa na sauti hiyo tangu niolewe mtaa huu, na saa ya kengele sijawahi kununua.

Leo nataka kumsema, kwa sababu watu wa mtaani wanamsema vibaya kuliko anavyostahili, na yeye mwenyewe anajisema vibaya kuwashinda.

Nosrat ana ila moja, nayo ni kwamba huwa sahihi. Si mwongo, si bahili, si mtu wa fitina. Ni sahihi tu, na inachosha kweli. Alimwambia mwokaji wetu kwamba ukuta wa tanuri utaanguka, ukaanguka, naye akaenda kusimama mbele ya kifusi, mikono nyuma, akauliza, "Sikukwambia?" Marehemu mume wangu alikuwa anasema angempenda zaidi Nosrat kama angekosea hata mara moja kwa mwaka, siku yoyote atakayochagua mwenyewe.

Nyumba anayokaa ni ya baba yake. Katikati ya ua kuna hodhi la vigae vya buluu, na ndani ya hodhi kuna samaki wekundu ambao wengine wamedumu kuliko ndoa za watu ninaowajua. Sasa, mwaka mpya ukikaribia, mji mzima hununua samaki wadogo wekundu barabarani, kwenye mifuko ya plastiki, wawekwe kwenye meza ya sikukuu pamoja na ngano iliyoota, siki na matofaa. Watoto wanatia vidole kwenye bakuli. Mama mkwe anatia makombo ya mkate. Maji yanatoka bombani moja kwa moja na dawa yake yote. Kabla sikukuu haijafika nusu, samaki anaelea juu akihema, na hapo ndipo watu wanapokumbuka mlango wa Nosrat.

"Mzee, samaki wangu analala ubavu."

"Umempa nini?"

"Mkate kidogo tu."

"Na chai je? Hukumpa chai? Na sukari ya kung'ata?"

Atakutukana hivyo huku ameshakupokonya bakuli. Pembeni mwa ua, chini ya ngazi, amepanga mabeseni ya plastiki. Nyumba imejaa shaba mpaka unagonga kichwa, lakini samaki hamgusishi nayo. Anasema shaba ni ya wali, samaki itamuua, na mikono yake huiosha kwanza kama anayekwenda kusali. Maji huyaacha wazi kutwa kucha ili dawa ya bomba iondoke. Mfuko huuacha uelee juu ya maji, umefungwa vilevile, mpaka maji ya ndani na ya nje yafanane joto, ndipo anamfungulia samaki polepole. Kisha chumvi ya mawe, isiyotiwa kitu, kidogo kidogo. Na kila mgeni, awe mzima awe mgonjwa, hukaa besenini arobaini yake yote, kama mzazi na kichanga chake. Bila hiyo, hodhini haingii.

Sheria hii hakuizua hewani. Akiwa kijana alimwaga samaki mpya hodhini siku ileile aliyomnunua, na wiki haikuisha samaki wote wa baba yake walikuwa wamegeuza matumbo juu. Baba hakumpiga wala kumkaripia. Aliwafukia chini ya mkomamanga, mmoja mmoja, na Nosrat amesimama anaangalia. Nadhani kama angepigwa angalau kofi, mambo mengine yasingetokea.

Nosrat ana ndugu mmoja tu, mdogo wake, Enayat, dereva wa malori ya masafa marefu. Walipokuwa wadogo, baba yao kila mwaka mpya aliwapa bakuli la samaki, huyu ashike upande huu na yule upande ule, walimwage hodhini pamoja. Wakigombana usiku wa kuamkia sikukuu, asubuhi wanashikishwa bakuli hilohilo, na ugomvi umekwisha. Enayat alimwita "kaka" kwa sauti fulani ya kuvuta, hata walipokuwa na mvi wote wawili, ukisikia tu unajua anataka kuomba kitu.

Mama yao alipofariki, Enayat alikuwa njiani na mzigo kutoka Bandar Abbas. Alipiga simu analia. "Kaka, nisubirini. Kabla ya jua kuzama nitakuwa hapo." Nosrat akamzika mama adhuhuri. Maiti hacheleweshwi, na masheikh wote watakwambia alikuwa sahihi. Enayat akafika jua lingali juu, viatu vimejaa vumbi la barabara, akakuta udongo umeshamwagiwa maji. Aligeuza lori, na tangu siku ile ndugu hawa wawili wakanuniana, miaka ikapita, mmoja huku mwingine upande wa pili wa mji.

Mimi na Mahin, mke wa Enayat, tulikuwa tunakutana kwa mwuza vitambaa, na kila tukikutana ni hayohayo. Nikamwambia, "Mahin, mwaka mpya unakuja. Mdogo ndiye anayetangulia kwenda kwa mkubwa, halafu mkubwa atarudisha mguu ndani ya siku kumi na tatu za sikukuu. Hivyo ndivyo watu wanavyozika ugomvi bila kuomba radhi. Mwambie mumeo aje. Yule mzee ameisha kwa upweke, ila hana mdomo wa kusema." Mahin akaenda kumkalia mumewe kichwani. Siku ya pili ya sikukuu wakaja.

Nilikuwepo, nakunywa chai uani. Mlango ukagongwa, akaingia Enayat na suti ya kahawia, nywele amezichana zingali mbichi. Mahin nyuma na sahani ya vileja. Mkononi mwa Enayat mfuko wa plastiki, na ndani samaki mmoja mwekundu mwenye mkia mweupe.

"Kaka," akasema.

Nosrat akainuka. "Karibu. Karibu, kanyaga macho yangu uingie."

Wakakumbatiana. Mimi nikajifanya nimeungua na chai ili nipate kisingizio cha machozi.

Sasa Enayat, badala ya kukaa, akaenda moja kwa moja hodhini. Akachuchumaa ukingoni na suti yake mpya, akaanza kufungua fundo la mfuko, anacheka peke yake. "Njoo, kaka. Njoo ushike upande wako."

Nosrat alikuwa ameshamwona samaki. Mapezi ameyabana mwilini, na anajisugua kwenye plastiki kama mtu mwenye upele. Mimi sikuona lolote, nilimwona samaki tu. Lakini Nosrat aliona, na akapiga ukelele ambao, wallahi, njiwa waliruka juu ya paa.

"Usimwage! Mgonjwa huyo! Asiingie humo, ataniulia wangu wote! Mpeleke kwenye beseni!"

Enayat akabaki amechuchumaa vilevile. "Beseni?"

"Kule, pembeni, chini ya ngazi!"

"Kaka," Enayat akasema taratibu, "yaani hata samaki wangu, kwenye nyumba ya baba yangu, mahali pake ni chini ya ngazi?"

Sijui kama Nosrat alisikia. Alikuwa anachota maji, anapima chumvi kwa viganja. "Lete huku, lete, asikae kwenye mfuko!" Majirani wawili walikuwa wameshachungulia kutoka juu. Uso wa Mahin ulikuwa mwekundu kama kitambaa changu cha kichwa.

Enayat akampa mfuko. Akakaa, akanywa chai nusu glasi, akala kileja kimoja alicholeta mwenyewe. Akauliza afya ya kila mtu, mpaka ya paka wangu. Alipoondoka akasema pale mlangoni, "Kaka, nasi tunakusubiri."

"Utaniona," Nosrat akajibu, macho yakiwa kwenye beseni.

Nilisubiri mlango ufungwe. "Nosrat, wewe una akili timamu?"

"Bi Zivar, uliyaona mapezi yake?"

"Niliuona uso wa ndugu yako!"

"Enayat namjua, atakaa sawa. Huyu asipopata dawa leo hakai sawa."

"Si ungemwacha amwage, halafu ukamtoa na kichujio akishaondoka?"

"Akishaingia ameshaambukiza. Nikuambie mara ngapi?"

Na alikuwa sahihi, Mungu anisamehe. Haukupita muda madoa yakatoka, meupe, madogo, mwili mzima, utadhani amenyunyiziwa chumvi ya meza. Nosrat akaja kunigongea ukuta, ananiita nikaone. "Sikukwambia? Angeingia hodhini tungekuwa tunachimba makaburi!" Nikamwangalia. Mtu mzima anafurahi kwamba zawadi ya ndugu yake ni gonjwa. Ilinichukiza, nikamwambia hivyo hivyo, naye akashangaa kwa dhati kabisa.

Akalihamishia beseni sebuleni, karibu na hita ya gesi, apandishe joto la maji kidogo kidogo, maana alisema wadudu wale joto linawaharakisha kutoka na chumvi inawamaliza. Akanunua kimashine cha kupuliza hewa. Akawa anafyonza uchafu wa chini kwa mpira, anarudisha maji mapya yaliyolala, yenye chumvi ileile na joto lilelile. Chakula punje chache tu. Wageni waliokuja kumpa mkono wa sikukuu walikuta kiti cha heshima kimekaliwa na beseni.

Nikawa namwuliza kila nikimwona: "Utakwenda lini kwa Enayat?"

"Nitakwenda."

"Lini?"

Siku moja akanijibu vizuri, na jibu lake ndilo linaloniuma mpaka leo. "Nikienda mikono mitupu ataniuliza samaki yuko wapi. Nimwambie nini? Anaumwa? Ataona namwumbua kwamba kaleta ugonjwa. Nataka niende naye mzima. Nimwambie, Enayat, samaki wako huyu hapa, inuka twende nyumbani, shika upande wako. Tummwage wote wawili."

Nani angemkasirikia mtu wa namna hiyo? Nikamwambia, "Basi mpigie simu, umwambie hayo hayo uliyoniambia mimi."

"Kwenye simu sisikii."

"Nitaongea mimi."

"Haya si ya kuongewa na mtu mwingine."

Madoa yakaanza kupungua, halafu siku moja yakawa hayapo. Samaki anazunguka beseni, mkia umefunguka, anadai chakula. Sikukuu ilikuwa bado haijaisha. Nikapiga kigelegele. "Vaa koti! Twende leo hii!"

"Bado."

"Bado nini? Hana hata doa moja!"

"Hapo ndipo watu wanapokosea," akasema, na akanyanyua kidole. Nikajua ninaletewa somo. "Madoa hayajafa, yamedondoka. Sasa hivi yapo chini ya beseni yanazaana, na watoto wao watapanda kumtafuta. Ukiacha dawa leo, wiki ijayo unaanza upya, na safari hiyo anakufa. Ngoja."

"Nosrat, sikukuu haiwasubiri wadudu wako!"

"Enayat ni ndugu yangu. Atasubiri."

Siku ya kumi na tatu ikafika. Mji mzima ukatoka kwenda mabustanini, watu wakatupa majini ngano zao zilizoota, wakala, wakarudi. Siku za kutembeleana zikawa zimekwisha, na mkubwa hakurudisha mguu kwa mdogo. Katika mji wetu hilo lina maana moja tu, kwamba umekataa kupatana, na kila mtu anaijua.

Mawaridi yalipoanza kuchanua, Nosrat alikuja kunigongea. Amevaa suti, amenyoa, amebeba mtungi wa kioo umefunikwa kitambaa. "Amepona, Bi Zivar. Kabisa kabisa. Nisindikize." Uso wake ulikuwa unang'aa. Nilikwenda kwa sababu hakuwa mtu wa kuachwa aende peke yake siku ile. Ndani ya teksi alikumbatia mtungi, akamkemea dereva kila kona.

Mahin ndiye aliyefungua. Alituangalia, akaangalia mtungi, akakaribisha. Kisha akanivuta jikoni kama ananionyesha birika.

"Mngekuja hata dakika tano," akaniambia, sauti chini. "Siku zote zile, Bi Zivar, alikuwa anaamka anavaa suti ile ya kahawia. Anapanga matunda mwenyewe. Pistachio nzuri akawakataza watoto, anasema hizi za kaka. Mwuza gesi akigonga, anainuka anafunga kifungo cha koti. Mzigo wa Tabriz alimwachia mwenzake, asije kaka akamkosa. Siku ya mwisho, jioni, akaniambia, Mahin, ondoa vya mezani. Tangu hapo hajalitaja jina lake."

"Alikuwa anamtibu samaki," nikasema. Nilijisikia mpumbavu hata kulitamka.

"Samaki," akasema Mahin, akamimina chai.

Tulipoingia sebuleni, Nosrat alikuwa ameshaondoa kitambaa. Samaki anang'ara, amenenepa, mkia mweupe safi. "Huyu hapa!" alikuwa anasema, kwa sauti yake ile. "Ulimleta nusu maiti, mwone sasa! Nimemtunza kama mboni. Inuka, Enayat, vaa viatu. Twende nyumbani ukashike upande wako."

Enayat akainama, akamtazama samaki kwa makini, kama mtu anayetazama kitu cha duka asichokusudia kununua. "Mashallah," akasema. "Umefanya kazi kubwa, Bwana Nosratollah. Pole na kazi."

Bwana Nosratollah. Hivyo ndivyo anavyoitwa na karani wa benki.

"Twende basi," Nosrat akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Natamani ningeweza. Nina mzigo wa kupakia alasiri hii. Tafadhali, bwana, kula tunda. Hujala chochote, utatutia aibu." Akammenyea tango, akalitia chumvi, akampa kwa mikono miwili. Alitusindikiza mpaka chini, akamwekea viatu vyake sawasawa mbele ya miguu, akamfungulia mlango wa teksi. Mgeni kutoka serikalini asingepata heshima zaidi ya ile. Ningefurahi kama angemtukana. Mtu anayekutukana bado anakudai, na mdai hurudi.

Samaki aliingia hodhini jioni ile. Nosrat aliinamisha mtungi peke yake, na sikuvumilia kutazama, nikaenda kuchambua mchele nyumbani kwangu. Amekua sasa, ni mkubwa kuliko wote, na hakuna hata mmoja aliyeugua.

Baadaye nilimweleza yote aliyoniambia Mahin jikoni, na tangu mwaka ule Nosrat ndiye anayetangulia. Siku ya kwanza ya sikukuu, asubuhi na mapema, yeye mkubwa anakwenda kwa mdogo, kinyume na desturi yote, na watu wanamcheka wazi. Enayat anampokea, anampa chai na matunda, anamwita bwana, anamfungulia mlango wa teksi. Mguu harudishi.

Siku ya kumi na tatu iliyopita tulikuwa tumeshapakia masufuria na mazulia ya kukalia, nikaenda kumwita Nosrat. Nilimkuta uani, amevaa suti, ameketi karibu na mlango wa nje ulioachwa wazi. Mbele yake matunda, vileja na glasi mbili.

"Nosrat, inuka. Leo mtu hakai ndani, ni nuksi."

"Nendeni nyinyi."

"Hatakuja."

"Najua."

"Sasa unamkalia nani hapo, mzee wangu? Jua litakuchoma bure."

Hakukasirika, wala hakupaza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Nosrat akiongea taratibu, mpaka nikalazimika kusogea ili nimsikie.

"Yeye alinisubiri, Bi Zivar. Siku zote zile, amevaa, amefunga vifungo. Na mimi niache nisubiri."